Dai la Busu Moja Lililoharibika kwa Sababu ya Korona

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Malipo ya Nafuu kwa Mashamba na Vitalu,
Hilo, Hawaii.

Mheshimiwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi: tangu nianze sekondari nimekuwa nikijiandaa kumbusu shavuni msichana wa shule yetu, Mahie Kurisu, siku ya mahafali yake.

Nakuandikia wewe kwa sababu ofisi yako ilimpigia simu bibi yangu Erlinda, mwenye kitalu cha maua ya okidi. Kijana wenu alimweleza kwamba mnalipia maua yaliyokuwa tayari yakakosa soko kwa sababu ya korona.

"Hata yaliyonyauka?" Bibi aliuliza.

"Hayo hasa, Bibi."

"Kumbe! Miaka yote nahangaika kuyaweka hai, mjinga mimi!"

Kwa kanuni hiyohiyo, nami naleta dai langu.

1. Bidhaa ilikuwa tayari. Nilifanya mazoezi kwa nguzo ya banda iliyo na kimo cha Mahie. Bibi alinikuta, akasema, "We Micah, hiyo nguzo ina homa?"

2. Soko lilikuwepo. Kwetu mhitimu huvikwa makoja ya maua mpaka masikioni, na anayemvika humbusu shavuni. Hakuna anayeuliza kwa nini. Hata mwalimu wa hesabu hubusiwa. Sisi wenye haya hatuna sheria nyingine inayotutetea.

3. Janga likazuia. Mahafali yalifanywa ndani ya magari, na mhitimu akavikwa na watu wa nyumbani kwake tu. Nilisimama nje ya uzio na koja langu la okidi. Gari lao lilipopita nilipunga mkono kwa moyo wote. Aliyenijibu ni mjomba wake.

4. Bidhaa haihifadhiki. Okidi zikikosa mahafali ya mwaka huu zitachanua tena kwa ya mwakani. Mahie hasubiri. Mwezi wa nane anakwenda chuo ng'ambo ya bahari.

5. Hasara ni ya kilimo. Busu lingeweza kuleta mazungumzo, mazungumzo yakaleta uchumba, uchumba ukaleta ndoa, na ndoa watoto, ambao Bibi angewatia kazini kitaluni mara tu wakiweza kubeba kopo la maji. Kwa hiyo, Mheshimiwa, taifa limepoteza vibarua ambao hata hawajazaliwa. Sidhani kama kuna shamba lililopata hasara ya namna hii.

Sidai fedha. Naomba cheti chenye mhuri kinachoniruhusu kumvika Mahie koja kabla hajasafiri, bila mimi kulazimika kutoa sababu.

Wasalimie wote ofisini, na yule kijana wa simu. Bibi anasema akipita huku kuna wali na nyama ya kopo.

Wako katika unyenyekevu na hasara,
Micah Agpalsa

Tanbihi: Nilipokuwa nakwenda posta nilipita kwa akina Mahie. Nilikuwa nimevaa barakoa, na nimebeba koja jipya kwenye ncha ya mwanzi wetu wa kuchumia matunda, ule wenye kikapu, ili nilitundike langoni nikimbie. Mahie alikuwa kibarazani.

"Mbona umesimama kama kigingi? Lete!"

Nikamnyooshea mwanzi juu ya lango. Akalivaa.

"Haya, na haki yangu?"

"Haki gani?"

"Micah, koja halivikwi kavukavu!"

Nguzo haikuwahi kuniuliza hivyo. Akacheka, akachomoa ua moja kwenye koja, akashusha barakoa yake, akalibusu, akalitia kikapuni. "Vuta polepole, we! Usiniangushie."

Nikavuta polepole.

Basi naomba mfute dai langu lote. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa stempu imeshabandikwa, na Bibi hapendi ubadhirifu. Baada ya hapo nilirudi nyumbani nikamwagilia okidi. Mkija kuhesabu maua yaliyokosa soko, mtaona moja ndani ya glasi dirishani kwangu. Hilo msilihesabu.