Duara la Makoye na Mashine ya Viwango

"Mwano umepigwa marufuku!"

Redio ndivyo alivyotuingilia kijiweni asubuhi ile ya mwaka tisini na nane, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, salamu hakuna. Mvua za Elinino zilikuwa zimepumua siku mbili tu, matope bado yanameza watu.

Kijiwe chetu ni mabenchi mawili mbele ya ofisi ya kata, huku machimboni jirani na Rwamgasa. Kahawa ni ya Zipora, Mama Limi, mke wa Makoye mchimbaji. Redio jina lake Ngassa, ila hakuna habari aliyoiweka tumboni ikalala. Kamanda ni Maganga, mkuu wa sungusungu, filimbi haitoki shingoni hata akienda kuoga. Girish ana duka pale ng'ambo. Kazaliwa Shinyanga mjini, na Kisukuma chake kinawaaibisha vijana wetu. Mimi wananiita Mgane, kwa kuwa ndivyo nilivyo.

"Umepigwa marufuku na nani?" Kamanda akauliza, kikombe kimesimama nusu ya safari.

"Mradi wa tahadhari. Kuanzia leo. Iwe moto, iwe fisi, iwe mwizi wa ng'ombe, hakuna kupiga yowe kwa mdomo. Hatari zote zinapita kwenye ile mashine." Akanyoosha kidole kwenye nguzo ya ofisi ya kata, penye vipaza sauti vinne vinavyotazama pande nne za dunia.

Mtu wa mbali hawezi kujua alilolisema Redio lina uzito gani. Kwetu mwano ukilia huulizi. Unaacha ugali wako, unashika ulichonacho, unakimbilia kelele iliko. Asiyekwenda, waliokwenda wanarudi kumchinjia mbuzi wake na kumla huku anatazama.

"Babu yangu aliitikia mwano akaua simba watatu!" Kamanda akafoka.

"Juzi walikuwa wawili," alisema Girish.

"Mmoja alikuwa na mimba. Sasa hiyo mashine itaua simba?"

"Ni ya dijitali," Redio akasema.

"Dijitali ndiyo nini?"

"Kitu kinachofanya kazi kwa namba. Mdomo wako una namba, Kamanda?"

"Una meno."

"Mawili."

Zipora akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Girish akapangusa benchi akasema, "Kitabu chake nimekisoma. Walikuja kununua nyaya dukani, nikakipitia chote. Kimeandikwa nchi za baridi. Ukurasa wa kwanza unasema usifunge mashine mahali dubu wanapokwaruza migongo."

"Ndiyo wakubwa wetu hao," nikasema mimi. "Wanaletewa kitu cha dubu, wanasaini. Mke wangu Noela alipozidiwa nilikimbia kutafuta gari la wagonjwa. Nikaambiwa limewapeleka wakubwa kwenye semina. Semina ya nini? Ya dharura."

Zipora akanijazia kikombe. Halafu Redio, ambaye ukimya unamuwasha, akasema, "Mgane kila kitu ni wakubwa. Hata hizi mvua?"

"Mvua ni za Mungu. Daraja lililokwenda na mvua walilila wao."

Hapo akatoka ofisini Gregory, mtaalamu wa mradi, kalamu tatu mfukoni. Kijana mwenye adabu, hilo simnyimi.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Umetukataza kupiga mwano?" Kamanda akauliza.

"Sijakataza mimi, mzee wangu, ni viwango. Mwano hausemi hatari ni ya aina gani. Watu wanakimbia tu."

"Ndiyo kazi yake!"

"Mashine inasema mambo matatu. Uharaka, ukali, uhakika. Halafu inawaambia watu la kufanya, kwa sauti moja dunia nzima. Na asiyetii tangazo, ndani siku saba."

"Tumetoka kwenye mbuzi tumefika jela," Kamanda akasema. "Hayo ndiyo maendeleo."

Kabla hajameza kahawa yake tukamwona Edson, anayechimba na Makoye kwenye duara lake, shimo la dhahabu, anakuja mbio, tope limempaka mpaka kope.

"Mama Limi! Mama Limi! Duara limeanguka! Matimba ya kushikilia kuta yameoza kwa mvua, kifusi kimeziba mdomo wote. Makoye yuko chini. Anagonga beleshi, tunamsikia. Lakini maji yanaingia, na tuko wanne tu!"

Birika likamtoka Zipora. Akaweka mikono mdomoni apige mwano, na Kamanda filimbi ilishafika kwenye yale meno mawili.

"Mama, subiri!" Gregory akamshika mkono. "Yowe lako halivuki kelele za makarasha yale yanayosaga mawe. Mashine inafika maili nne. Dakika moja tu, watu elfu tatu wanakusikia."

Zipora akatazama nguzo, akatazama njia ya machimboni. "Dakika moja," akasema.

Tukaingia ofisini wote. Gregory akakaa mbele ya mashine, akajipangusa mikono.

"Uharaka?"

"Mume wangu yuko chini ya udongo!"

"Naandika sasa hivi. Ukali?"

"Wewe kijana!"

"Mkali. Uhakika? Imeshuhudiwa, inatarajiwa, au yawezekana?"

"Anagonga!" Edson akalia. "Anagonga beleshi!"

"Basi imesikika. Kusikika hakumo. Naweka yawezekana." Akafungua kitabu cha namba, akapekua mbele, akapekua nyuma, jasho likaanza kumtoka. "Duara halimo. Kuna mgodi, namba thelathini, lakini mashine inataka namba ya leseni."

"Mchimbaji mdogo atoe wapi leseni?" nikauliza. "Kila akienda anaambiwa faili liko juu."

"Kama hana leseni," Gregory akasema kwa huzuni ya kweli, "kisheria hajafukiwa."

Zipora alimtazama jinsi mtu anavyomtazama nyoka aliyemkuta kwenye pipa la unga. Gregory akainamia kitabu haraka. "Tutafute kinachofanana. Kitu kimeporomoka, kimemfunika mtu... Kumi na nne! Inalingana kabisa." Akabonyeza.

Vipaza sauti vikakohoa, ikatoka sauti ya mama mmoja laini, wa mjini, asiyewahi kukanyaga tope: "Wananchi. Theluji imeporomoka. Ingieni ndani. Fungeni milango na madirisha. Msitoke mpaka mtakapotangaziwa."

Pa! Pa! Pa! Milango ikafungwa kitongoji kizima. Makarasha yakazimwa. Kupitia dirishani tukawaona wale watatu waliobaki wakichimba kwa Makoye wametupa mabeleshi, wanakimbilia kibandani, mmoja amejifunika ndoo kichwani.

Zipora akatoka nje akapiga mwano. Akaupiga kwa sauti ambayo ningekuwa kaburini ningeiitikia. Kamanda akapuliza filimbi mpaka macho yakawa mekundu. Akaja mbwa. Dirisha moja likafunguka upana wa kidole, na bibi mmoja akaita kwa huruma:

"Zipora, ingia ndani mwanangu, theluji itakuua!"

"Theluji ni nini, bibi?"

"Sijui! Ndiyo maana nimefunga!"

Tukarudi ofisini kwa kishindo. "Zima!" Kamanda akaunguruma.

"Haizimiki. Theluji inachukua saa sita."

"Jenereta ni langu," Girish akasema, "naenda kulizima."

"Ina betri ya siku tatu."

"Futa basi!" Zipora akasema. Akamshika Gregory bega. "Maji yanaingia kule, kijana. Futa."

"Tangazo halifutwi, mama. Hufunikwa na tangazo lingine tu."

Girish akamnyang'anya kitabu. "Nyie mnasoma majina ya hatari. Someni upande huu, watu wanaambiwa wafanye nini. Tunatafuta inayosema tokeni na majembe." Akaweka miwani, kidole kikashuka. "Kaa ndani... Kaa ndani... Panda mlimani... Vaa boya... Kaa ndani..." Akafunua ukurasa. Kidole kikasimama. "Arobaini na saba."

Gregory akachungulia, akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Hiyo hapana! Nitafukuzwa kazi! Huku haijawahi kutokea!"

"Na theluji ilitokea lini?" nikamuuliza.

Zipora hakungoja. Akabonyeza nne, akabonyeza saba. Mashine ikauliza uhakika.

"Andika imeshuhudiwa," akasema. "Nimelala naye miaka kumi na moja." Na pale palipoulizwa mahali, akamwamuru Gregory aandike duara la Makoye. Akaandika.

Yule mama laini akarudi: "Wananchi. Nyangumi amekwama nchi kavu. Tokeni wote. Njooni na majembe, kamba na ndoo. Mfukueni taratibu. Mahali: duara la Makoye."

Tukatoka mbio nje. Lile dirisha likafunguka.

"Nyangumi ndiyo nini tena?"

Na hapa namsifu Redio, mara yangu ya kwanza na ya mwisho. Alisimama katikati ya barabara akapanua kifua: "Samaki! Samaki mkubwa kuliko ofisi ya kata! Yule aliyemmeza Yona!"

Jamani. Milango haikufunguliwa, iling'olewa. Watu walitoka na majembe, kamba na ndoo, kama walivyoagizwa. Na kwa hiari yao wakatoka na visu, mapanga, sufuria za harusi na mapipa. Kwaya nzima ikaja na katekista, wao wakisema nyama hawataki, wanataka kumwona Yona. Girish akajipiga kipaji cha uso: "Leo wanataka chumvi wote, na duka nimelifunga!"

Nimezaliwa huku, sijawahi kuona watu wanachimba vile. Kamanda akawapanga mistari miwili, ndoo za tope zinapanda, ndoo tupu zinashuka, maji yanatekwa kama yanaibiwa. Zipora amelala kifudifudi ukingoni, anaita, "Makoye! Gonga! Gonga nikusikie!" Ngo, ngo, chini huko.

"Linapiga mkia!" mtu akapaza sauti, na majembe yakaongezeka kasi.

Ngo. Halafu kimya kirefu. Zipora akaacha kuita. Akaingia mwenyewe kwenye kifusi akawa anachimba kwa kucha, na mimi nikajikuta nimo pembeni yake, na Girish na miwani yake, hata Gregory na kalamu zake tatu. Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilikuwa namwambia Noela asubiri kidogo, gari linakuja.

Saa tano kasoro, mkono ukachomoza. Halafu kichwa, tope tupu, meno tu ndiyo meupe. Akavuta hewa kama anataka kuimaliza. Akafungua macho, akaona watu mia tatu wamemzunguka na visu, sufuria zimesimama tayari, na mama mmoja anakata vitunguu.

Makoye akataka kurudi shimoni.

Zipora akamdaka kwapani akamvuta nje, akamkumbatia na tope lake lote, analia na kumtukana kwa pamoja. Ule umati ukabaki umesimama. Yule bibi akapenya mpaka mbele, akamtazama Makoye juu mpaka chini. Makoye ni mwembamba, suruali yake huifunga kwa kamba ya katani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu, bibi," nikasema. "Alitoka mkoani mkubwa kuliko ofisi ya kata. Unajua mwenyewe, kila kinachotoka mkoani hufika kimeshaliwa njiani."

"Aaah!" wakaitikia wote, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Wakaanza kutawanyika na sufuria zao. Wengine wakarudi kusaga mawe, Kamanda nyuma yao akiapa kwamba kwa haki ya mwano ilibidi pachinjwe mbuzi mmoja, na wa ofisi ya mradi angefaa.

Gregory ndiye aliyebaki, magoti kwenye tope, karatasi juu ya paja. Mashine haitanyamaza mpaka fomu ijazwe.

"Mama Limi, samahani. Kuna swali moja la mwisho. Hali ya mnyama. Amekufa, anapumua, au amerudishwa baharini?"

Zipora akamfuta mumewe tope machoni kwa ncha ya kanga.

"Andika ana njaa," akasema, akamshika mkono, wakaenda zao nyumbani.