Kipa wa Jezi ya Kijani na Mkasi wa Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Mtaa huu hauna mtu anayejua kadi za wachezaji mpira kunishinda mimi. Hayupo. Wanakuja hata kutoka mtaa wa pili kuniuliza.

Sawa, hawaji. Alikuja mmoja, naye alikuwa anauliza choo kilipo. Na hadi leo asubuhi nilidhani zile kadi ni picha za watu wanaotafutwa na polisi. Wote wamenuna, wote wana namba. Nani asingekosea?

Aliyenielimisha ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, amekuja kwangu likizo. Namwita Waziri, kwa kuwa akishatoa agizo hakuna mjadala. Ana albamu anayoibeba kama mtoto mchanga. Kila ukurasa una timu yake, kila mchezaji ana kijumba chake cha plastiki. Ukurasa wa jezi za kijani umejaa, isipokuwa golini. Pale pana shimo. Timu nzima inacheza bila kipa, maskini, tangu mwezi wa tano!

Kipa huyo anaye Bosi, mjukuu wa jirani yangu Fundi Saa. Tena anao wawili. Waziri alimwomba wabadilishane. Bosi akamjibu mbele ya watoto wote kwamba wasichana hawajui mpira, aende akaruke kamba. Waziri hakulia. Alikunja mdomo tu. Mdomo ule naufahamu, ni wa marehemu bibi yake. Ukikunjwa hivyo, jambo halijaisha.

Jumamosi watoto hukutana kwenye ngazi za duka la madaftari kubadilishana kadi. Jumapili Waziri anarudi kwao, na huko kwao jezi za kijani hakuna anayezikusanya. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au basi.

Tumekubaliana. Mimi nitamletea kipa. Yeye, kabla hajaondoka, atanitungia uzi kwenye sindano zangu zote. Mimi ni fundi cherehani. Nimestaafishwa na macho: nguo naiona, tundu la sindano silioni.

Daftari hili nalificha chini ya vitambaa. Waziri huchungulia.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikwenda kwa Fundi Saa nikijifanya saa yangu imesimama. Kumbe imesimama kweli! Nikamwambia watoto ni watoto, amshauri Bosi atoe kipa mmoja. Akaniangalia kwa ile miwani yake ya jicho moja. Akasema mambo ya watoto haingilii, yeye ni mtu mzima.

Halafu akavuta droo kutafuta bisibisi, nikaona. Katikati ya mishale ya saa, kipa wa kijani amelazwa ndani ya mfuko wa nailoni, amefunikwa kitambaa laini cha kufutia vioo. Mzee mzima mwenye mvi! Kumbe Bosi ni tarishi tu, mwenye mali ni babu yake.

Nilicheka hadi nikakohoa. Akaniambia heri yeye anayetunza karatasi kuliko mimi niliyemshonea suruali ya harusi mguu mmoja mfupi. Hayo ni ya zamani. Na mguu uliokuwa na kasoro ulikuwa wake, si wa suruali.

Basi, hila ya pili. Dukani. Kadi zimo ndani ya pakiti, huwezi kujua nani yumo. Lakini vidole hivi hutofautisha pamba na hariri nikiwa nimefumba macho. Kipa huvaa glavu, nikawaza, lazima pakiti yake iwe nene kidogo. Nikaanza kuzipapasa. Mama mwenye duka akaniuliza kama nanunua au nazikanda misuli. Nikanunua. Akatoka beki wa nyekundu. Nikanunua tena. Beki yule yule! Waziri alisema kwa upole kwamba mabeki sasa wanatosha kujengea ukuta.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa sababu nilishajiwekea kuandika.

Mama mdogo wake Waziri, binti yangu mdogo ninayeishi naye, alimpeleka mtoto kusuka. Albamu ikabaki mezani, jirani na cherehani. Nilitaka kuangalia tu. Lakini yule mshambuliaji wa kijani, kadi anayoipenda kuliko zote, ukingo umeanza kufumuka! Karatasi imetoa vinyuzi vyeupe pembeni, kama kitambaa kisichopindwa. Sasa fundi aone ukingo unafumuka, akae anywe chai?

Dawa yake ninayo. Mkasi wa meno, ule unaokata zigizaga. Kitambaa kikipita humo hakifumuki tena. Nikamtoa mshambuliaji, nikamzungusha kote. Krr, krr, krr. Kazi safi! Nikaona wenzake watamwonea wivu. Nikamaliza safu nzima ya mbele.

Waziri akarudi amependeza. Nikamwonyesha huku natabasamu, nasubiri shukrani. Akaishika kadi kwa ncha za vidole.

"Babu," akasema taratibu, "kadi ikikatwa imekufa."

Akamwacha mshambuliaji mezani, akafunga albamu. Mama yake mdogo alisema kwa niaba yake, na alikuwa na mengi. Eti kwa wenye kadi, ukingo ndio roho. Kadi iliyopunguzwa hata uzi mmoja haina wa kuitaka. Ningejuaje? Kwetu fundi asipokata hajafanya kazi.

Mjumbe wangu wa amani, yaani kipande cha mkate chenye asali, alirudishwa mzima.

Alhamisi, 7 Agosti

Waziri amenipa shikamoo kavu, kama anayesalimia nguzo. Chai amekunywa akitazama ukuta. Nimegundua siwezi kula mbele ya mtoto aliyenuna. Chakula kinageuka pamba mdomoni.

Hali hii haivumiliki. Nikaenda kunyoa, ingawa kichwani hapajabaki cha kunyolewa. Kinyozi wetu ni redio yenye mkasi. Nikamnong'oneza, iwe siri yetu, kwamba zimetoka kadi adimu, za meno. Kiwandani zilitoka chache tu, mashine ikafa. Mjukuu wangu anazo. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa kwa mama yake.

Sijafika nyumbani, watoto wameshanitangulia dirishani.

Bosi akauliza kama ni kweli. Nikasema si kweli hata kidogo, nani kawaambia, hebu tawanyikeni. Kisha nikavuta pazia kwa haraka, lakini si haraka sana. Mshambuliaji alikuwa ameegemea kopo la vifungo, meno yake yanang'aa. Nikamsikia Bosi akivuta pumzi.

Bado nina akili! Imekaa bure muda mrefu tu, kama cherehani.

Ijumaa, 8 Agosti

USHINDI! Fundi Saa amekuja mwenyewe!

Eti ameniletea saa yangu, imepona, alikuwa anapita. Anakaa nyumba ya pili. Anapita kwenda wapi? Akazunguka kwanza: hali ya hewa, magoti, bei ya betri. Mwishowe akafika kwenye meno. Nikamwonyesha mshambuliaji kwa mbali, nikamrudisha mfukoni. Jicho lilimtoka kuliko ile miwani. Akasema kesho atamtoa kipa kwenye ngazi za duka, mbele ya mashahidi. Tukashikana mikono. Yeye alibana mkono wangu kwa tamaa. Mimi nilibana kicheko.

Nikamkimbilia Waziri jikoni. Nilitarajia makofi. Akaniuliza nimefanyaje, nami nikamweleza kila kitu kwa fahari, hadi pazia. Akaendelea kupangusa sahani ile ile.

"Bosi alisema sijui mpira. Nikimchukua kipa kwa uongo, babu, si atakuwa amesema kweli?"

Nikamwambia kipa ni kipa, hana mdomo wa kueleza alikotokea. Akasema kesho ataongea yeye. Nikamkumbusha kwamba Jumapili anaondoka. Akasema anajua. Nikamwambia nimepeana mkono na mtu. Akasema mkono ni wangu, kadi ni zake.

Huyu mtoto ukweli ameurithi wapi? Si upande wangu. Nimechunguza ukoo wote kichwani, sioni mtuhumiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Ngazi zilijaa watoto, albamu magotini. Fundi Saa alikuja amevaa koti. Koti! Kipa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya bahasha, bahasha moyoni. Akavaa miwani ya jicho moja, akaomba kukagua mali. Nikampa. Jasho likanishuka hadi kwenye soksi. Alimgeuza mshambuliaji huku na huku, kisha akasimama kwenye jino moja. Akatoa kibano, akachomoa kitu. Uzi. Mwekundu, mfupi, kutoka kwenye mkasi wangu.

Akauinua uzi huo juani. Akafungua mdomo.

Lakini Waziri alishapanda ngazi ya juu. Akasema, na sauti yake haikuyumba, kwamba meno hayo hayakutoka kiwandani. Yamekatwa na babu yake kwa mkasi wa nguo, kwa bahati mbaya. Kadi si adimu, zimeharibika. Yeye hamdai mtu kipa.

Nilitafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Nikaona mama mwenye duka ndiye mnene zaidi, nikasogea.

Fundi Saa akaanza hotuba. Akataja mkono wangu, akataja suruali ya harusi. Hakuna mtoto aliyemsikiliza. Bosi alikuwa amemchukua mshambuliaji, anapitisha kidole gumba kwenye meno. Krrrr. Akarudia. Krrrr. Mwingine akaomba. Krrrr. Ikazunguka ngazi nzima.

Sasa, hawa watoto wakishabadilishana hucheza mchezo wa kupiga kadi. Unalaza kadi chini, unaipiga kwa kiganja, ikigeuka ni yako. Wanatumia zile walizonazo mbilimbili. Na kila Jumamosi hugombana, kwa sababu beki wa nyekundu wa huyu na beki wa nyekundu wa yule ni pacha, hakuna anayejua yupi wa nani. Wiki iliyopita walivunjiana kandambili. Bosi akatazama meno, akatazama kadi zake.

"Babu yako anaweza kuzikata zangu pia? Ili nizijue?"

Waziri akasema babu ana foleni. Nilikuwa sina foleni. Akasema kwanza, zitakatwa za mbilimbili tu, za kwenye albamu haziguswi. Pili, ile kauli ya kuruka kamba irudishwe ilikotoka. Tatu, kipa.

Bosi alikuna kichwa. Akasema, kwa sauti ya kumeza dawa, kwamba msichana aliyesimama pale juu na kusema vile anaweza kuwa anajua mpira. Kidogo. Akamfuata babu yake, akanyoosha mkono.

Fundi Saa akasema kipa huyo ni akiba. Bosi akasema kadi zimenunuliwa kwa jina lake, na nyumbani bado yuko mwingine. Fundi Saa akamwangalia mjukuu, akaangalia watoto, akaona mama mwenye duka anamwangalia yeye. Akafungua bahasha kama anayefungua jeraha.

Waziri alimwingiza kipa kijumbani pale pale ngazini. Tik. Viungo wapo, mabeki wapo, na golini pana mtu! Safu ya mbele ina meno, ndiyo, lakini ni timu kamili. Watoto walipiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, maana kazi yangu niliiona.

Mchana kutwa walipanga mstari mlangoni kwangu. Kila mmoja na mtindo wake: meno makubwa, meno madogo, pembe moja tu. Nimekata hadi kidole kimevimba. Jioni Waziri alikula akinitazama mimi, siyo ukuta, na aliongeza chakula.

Kinyozi anasema mtaani wananiita Babu Meno. Mimi, ambaye nimebaki na machache! Nimekubali cheo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepitia mambo yote ya wiki kwa utulivu. Mpango wangu ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Ningebakiza ule uongo, tungepata makipa wote wawili.

Waziri anaondoka baada ya chakula. Asubuhi aliniapisha, mkono juu ya albamu, kwamba sitaigusa kadi kwa mkasi tena. Nikaapa kwa moyo mmoja. Mkasi ameufungia kwenye kabati la mama yake mdogo, na ufunguo sijui uko wapi.

Cherehani hakuitaja.

Maana nimewaza hivi: meno ni mazuri, lakini kila mtoto sasa anayo. Kinachokosekana ni kadi iliyoshonwa pindo, uzi wa dhahabu kuzunguka kote, mshono mwembamba, kama koti la mwanajeshi. Itakuwa moja tu duniani. Nimeshamdokezea kinyozi, kwa siri. Fundi Saa amepita mbele ya mlango wangu tangu asubuhi, eti ananyoosha magoti. Mwenye droo ameshauma chambo, nami nitaifungua droo. Kipa wake wa pili ataona jua!

Uzi wa dhahabu ninao. Beki wa nyekundu ninaye, tena wengi. Kimebaki kitu kimoja tu.

Leo daftari silifichi. Naliacha wazi mezani, karibu na viatu vyako, maana najua utachungulia. Waziri, mama yangu, kipa ulimpata, sivyo? Jumatatu tulikubaliana nini? Sindano zote nimekusamehe. Nitungie hii moja tu, ya cherehani, kabla hujafunga kamba za viatu. Uzi uko juu ya kopo la vifungo. Usiulize ni wa nini.