Kilomita Thelathini za Kwenye Karatasi

Jumatatu, 5 Agosti

Isidori dereva wangu ni mwizi, na nimemwambia hivyo mbele ya wapagazi wa mtaa mzima. Gari letu ni haibridi, linatumia petroli na betri. Karatasi iliyokuja nalo inasema lita moja, kilomita thelathini. Letu linakwenda kumi na moja. Hizo nyingine zimeenda wapi? Kaapa kwa marehemu mama yake. Nikamwambia amwache marehemu apumzike.

Zulekha, mwanangu aliyeninunulia gari na anayelipia mafuta, kapiga simu. Jumamosi anakuja kutazama kile kioo cha dashibodi kinachohesabu. Kisiposoma ishirini, gari analichukua. Mimi, Moza binti Mrisho, muuza vitenge Kariakoo miaka thelathini, nirudi kutingishwa kwenye bajaji!

Jumanne, 6 Agosti

Nimekaa kiti cha mbele, kulinda mafuta. Tumebeba marobota manne kutoka Mchikichini, moja juu ya paa. Isidori kanung'unika kwamba mzigo unakula petroli. Nikamwambia marobota hayana mdomo, mwenye mdomo ni yeye.

Foleni ya Msimbazi, gari likanyamaza kama kawaida yake, maana likisimama linazima injini na kubaki na betri. Aibu. Mpagazi mmoja kauliza kama tusukumwe. Isidori anajua amri yangu tangu siku ya kwanza: likinyamaza, weka gia ya pakingi, kanyaga mafuta lingurume, watu wasidhani limekufa. Akakanyaga. Hesabu ya kioo ikashuka hadi kumi, na mimi nimekaa hapo hapo, macho wazi. Mwizi huyu ni fundi kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 7 Agosti

Natvarlal, muuza vifungo wa duka la mbele yangu, ana gari kama langu. Lake linasoma ishirini na tatu, na kaja kunitangazia na kikombe cha chai mkononi. Nikajua kaficha betri ya pili. Nikaomba lifti hadi kwake Upanga, eti nikamsalimie mkewe Harshida.

Betri ya pili hakuna. Kuna uzee. Anaendesha kama kapakata bakuli la mchuzi. Taa nyekundu iko kule mbali, yeye keshaachia mafuta, anagusa breki kidogo kidogo. Eti gari likipunguza mwendo taratibu linajaza betri. Kiyoyozi kapunguza, nimelowa jasho. Guta la matikiti, la kukanyaga kwa pedali, limetupita, na mwenye guta kanipa shikamoo kwa jina langu.

Natvarlal anasema ile thelathini waliipima ndani ya chumba, gari liko juu ya mashine. Hakuna foleni, hakuna robota, hakuna Bi Moza. Hata lake halifiki thelathini. Ni mguu tu, dada yangu, mguu. Nikamjibu miguu yangu ni mizima, ahangaike na yake. Kwa Harshida nimekula bajia sita kwa hasira.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, barabara nyeupe. Nimepata akili. Nimempelekea Harshida doti ya kitenge kizuri, na mumewe kakubali kuendesha gari langu asubuhi nzima, mimi nisiwemo. Isidori kaifuta hesabu ya kioo ianze upya, akakaa pembeni kujifunza. Wamerudi na ishirini na mbili.

Nimempa Isidori msamaha wa wizi wake. Kasema hakuiba. Nikamwambia asiniharibie msamaha.

Ijumaa, 9 Agosti

Gari nimelifunika turubai, namba isitoroke. Dukani nimekwenda kwa miguu.

Jumamosi, 10 Agosti

Zulekha kaja, kasoma kioo, kanikumbatia. Mama nisamehe, nilikudhania vibaya. Kisha kataka tumpeleke Upanga kwa gari hilo hilo.

Isidori kaendesha kimchuzi-mchuzi. Bajaji ikatupita, nikameza mate. Ya pili, nikatazama dirishani. Halafu akatokea Caroline, anayeniibia wateja wa vitenge, yuko kwenye teksi chakavu, akanipungia vidole viwili. Mdomo ukasema kanyaga kabla sijaamua. Isidori kamtazama Zulekha kwenye kioo cha nyuma. Nikamuuliza bosi wako nani. Kiyoyozi nikakipandisha hadi mwisho, maana joto la hasira lilikuwa limenipanda.

Tulimpita Caroline. Ilikuwa tamu, sikatai.

Taa nyekundu, breki ya ghafla, simu ya Zulekha ikaruka chini. Gari kimya, teksi ya Caroline ikaja kusimama ubavuni. Ningefanyaje? Nikasema lingurumishe.

Tumefika Upanga kioo kinasoma kumi na nane. Zulekha hakugomba. Kanyoosha mkono, Isidori kampa ufunguo. Kasema Isidori hajaiba hata tone, mafuta yanaliwa na amri za Mama. Dereva na gari, vyote kavichukua.

Jumapili, 11 Agosti

Bajaji ya Pius, mtu mzima mwenye mvi, anayejiita dereva. Marobota mawili na mimi juu yake. Nikamwamuru awapite wote, na kawapita. Saa tano asubuhi tangi kavu. Pius kashika kiuno: siku zote mafuta yake yanafika jioni.

Basi nimeelewa. Isidori wa watu nimemwonea bure. Mwizi ni sheli, wanatujazia povu.

Pius, kesho saa moja kamili uwe mlangoni unipeleke kwa hao wa sheli nikawaumbue. Na uende mbio.