Ng'ombe wa Uhuru

Jumatatu, 4 Desemba 1961

Nimepatikana! Bi Mwanaharusi amejibu posa yangu. Kajibu dukani kwangu, mbele ya wateja, huku nampimia chumvi: "Mwanangu Sada simpi mtu mwenye mkono wa birika." Wateja wakacheka. Mimi bahili? Mimi niliyetoa tende Idi iliyopita! Zilikuwa na wadudu, lakini tende ni tende.

Nikatangaza papo hapo: karamu ya Uhuru ya mtaa wetu wa Mirongo, Jumamosi, ng'ombe natoa mimi Shaibu. Vigelegele. Nikaanza kutokwa jasho.

Jumanne, 5 Desemba

Mnadani. Ng'ombe wazima bei yao haisemeki. Ndalahwa, mchuuzi wa ng'ombe, akanionyesha mweusi mwenye baka jeupe, kalala pembeni, mbavu nje. Kwa bei ya mbuzi! Nikamchukua upesi. Njiani tumemsukuma zaidi ya alivyotembea.

Shekhe Abeid, atakayechinja, kanikumbusha kwamba ng'ombe akifa kabla ya kisu ni nyamafu, haliwi. Ya Rabi, Jumamosi iko mbali.

Jumatano, 6 Desemba

Hali kitu. Nimemfunika blanketi langu. Nimemwimbia. Seif wa duka la jirani kapita, akauliza kwa upole kama huyo ndiye ng'ombe au ni ngozi yake tu. Hasidi mkubwa!

Jioni kaja Dorotea, mjane Mkerewe anayeuza dagaa gatini. Kaleta mzigo wa majani ya viazi. Kasema kwao Nansio ng'ombe akiugua hupewa hayo na maji ya chumvi. Hakuomba chochote. Nimeingia wasiwasi. Anataka nini huyu?

Alhamisi, 7 Desemba

Kasimama! Kala majani yote, na kikapu changu juu yake. Mchana kamtupa Seif mtaroni. Ng'ombe wa maana kabisa.

Sasa roho inaniuma. Mnyama kama huyu aliwe na mtaa mzima? Watajilamba vidole waende zao, mimi nibaki na pembe?

Ijumaa, 8 Desemba

Akili ni mali. Alfajiri nimemrudisha kwa Ndalahwa, naye kanipa mwingine, mweusi mwenye baka vilevile, na baiskeli juu. Baiskeli! Huyu mpya anakohoa kidogo. Si kitu. Hata yule wa kwanza alikuwa hoi.

Dorotea kaleta majani tena. Kamtazama sana ng'ombe, akauliza mbona kakonda hivi tangu jana. Nikamwambia anawaza Uhuru.

Jumamosi, 9 Desemba

Bendera mpya imepanda. Watu wamelia kwa furaha. Mimi nimelia baadaye.

Ng'ombe alitembea vizuri mpaka uwanjani. Bi Mwanaharusi akatabasamu. Sada akanitupia jicho! Shekhe Abeid akakunja mikono ya kanzu. Ng'ombe akapiga magoti, akalala, akafa. Kisu kilikuwa bado kwenye ala.

Mtaa mzima una njaa, masufuria yanachemsha maji matupu. Seif akauliza kwa sauti kama ng'ombe naye kapata uhuru wake. Nilitamani ardhi ipasuke.

Dorotea akaondoka, akarudi na dagaa wote aliokuwa nao wa kuuza. Wakapikwa kwa karanga, watu wakagawana kidogokidogo na ugali wa muhogo, wakamwimbia. Bi Mwanaharusi akamketisha jamvi la mbele. Kisha akanigeukia mimi.

"Nilikosea, Shaibu. Birika hutoa chai."

Jumapili, 10 Desemba

Sikulala. Nimewaza sana, na kosa langu nimeliona. Kosa ni ng'ombe! Mkubwa mno. Kumbe watu wanapenda kitu kidogo, dagaa tu. Krismasi iko karibu, na Wakristo wa mtaa watafanya karamu yao. Nitatoa dagaa, Bi Mwanaharusi ataona, Sada ni wangu.

Nimepanda baiskeli mpaka kwa Dorotea, nikamweleza shida yangu. Alikuwa ndiyo kwanza kaletewa dagaa wapya kutoka Nansio. Kanijazia kapu, bure, na karanga juu. Hakuuliza kitu.

Nyumbani nimepunguza nusu, nikaiweka dukani iuzwe. Kapu zima kwa kutoa tu ni kubwa mno.