Nilivyotoa Watu wa Orofa Sita Nje kwa Sababu ya Upepo

Leo nimejiaibisha mbele ya jengo zima. Afadhali mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu habari ya Kericho mjini hufika kwetu Sosiot kabla ya mwenyewe kushuka kwenye gari.

Mnajua nasomea uhandisi. Utafiti wangu ni wa majengo marefu na upepo: jengo likipigwa na upepo linasogea kiasi gani, na sisi tunaopima tunaweza kuwa na uhakika kiasi gani na tunachosema. (Mama akiulizwa, husema nasomea upepo.) Shida ni kwamba huku kwetu majengo marefu ni ya kutafuta. Niliomba ruhusa kwa wenye majengo watano. Wanne walidhani nimetumwa na kaunti. Wa tano alikuwa Mzee Kirui, ambaye ana jengo la orofa sita na duka lake la vifaa vya ujenzi liko chini kabisa. Anataka kuongeza orofa mbili juu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa ufunguo wa paa na chumba kitupu kwenye orofa ya pili, bure.

"Ukipata kitu mbaya," alisema, "uniambie mimi kwanza."

Jumatatu nilipanda kufunga kifaa changu. Ni kidogo kama kipande cha sabuni. Kinahisi mtikisiko, kisha kinatuma vipimo kwenye laptop yangu kupitia mtandao wa simu. Mwalimu wangu wa chuo alisema nikifunge kwenye zege la paa. Lakini zege lilikuwa na maji ya mvua, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Nikaona nguzo ya chuma imesimama hapo kavu, nikakifunga kwenye nguzo.

Siku tatu nzima kifaa kilinionyesha mstari ulionyooka. Leo mchana ukaja ule upepo wa kabla ya mvua, unaotoka upande wa mashamba ya chai na kuokota vumbi na karatasi zote za mjini. Nikafurahi. Nikafungua laptop.

Mstari ulikuwa unaruka juu na chini kama umeingiwa na siafu. Nikafanya hesabu. Paa lilikuwa linasogea karibu upana wa viganja viwili, linaenda na kurudi. Nikarudia hesabu. Ikatoka vilevile.

Jengo la orofa sita haliwezi kusogea hivyo likabaki zima. Nikaangalia glasi ya maji mezani. Maji yametulia tuli. Nikajiambia labda nyufa zimeanzia juu, hazijafika huku. Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba vipimo vikiwa vya ajabu, shida inaweza kuwa kwenye jengo, kwenye kifaa, au kwa anayepima. Nilifikiria la kwanza tu.

Nikampigia Mzee Kirui. Simu ikaita mpaka ikakatika. Basi nikabeba laptop, nikatoka kwenye ngazi na kupiga kelele: "Tokeni nje! Jengo linayumba!"

Nilipanda nikigonga kila mlango. Kwenye saluni ya orofa ya tatu walitoka wote, mama mmoja akiwa na dawa kwenye nusu ya kichwa. Orofa ya nne kuna daktari wa meno. Akatoka na mgonjwa wake, baba mnene ambaye tayari alikuwa amedungwa sindano ya ganzi na mdomo umelegea upande. Orofa ya tano wasichana wa ushonaji waliacha cherehani zote. Orofa ya sita anakaa keateka, yaani mtunza jengo, Mama Moraa. Niligonga, hakuna aliyejibu. Nikaomba Mungu awe ameenda sokoni.

Tukashukia ngazi za nyuma, kwa sababu za mbele zilijaa. Chini tukakuta mlango umefungwa kwa kufuli, na mifuko ya simiti imepangwa mbele yake mpaka kifuani. Hapo ndipo niliogopa kweli. Tukageuka, tukapanda tena, tukatokea mbele tukisukumana.

Mzee Kirui alikuwa amesimama barabarani na misumari ya mteja mkononi.

"Msichana wangu, hii nyumba yangu inaanguka?"

"Inawezekana, mzee. Siwezi kusema kwa uhakika wote."

"Basi sema na ule uhakika uko nao."

Nikamfungulia laptop. Watu wakatuzunguka. Mstari bado ulikuwa unaruka. Wakatazama jengo, na jengo likasimama tu vile lilivyosimama tangu lijengwe.

Halafu pale juu, kwenye ukingo wa paa, tukaona kichwa. Mama Moraa. Watu wakampigia kelele ashuke. Yeye akatupungia mkono, akageuka, akaanza kuanua blanketi.

Akatoa ya kwanza. Mstari kwenye laptop ukapungua.

Akatoa ya pili. Ukapungua tena.

Mzee Kirui akatazama juu, akatazama laptop. Watu wote wakafanya hivyo. Mama Moraa akatoa ya tatu, ile nzito ya manyoya, na mstari ukalala kimya.

"Hiyo kamba ya nguo," Mzee akauliza pole pole, "imefungwa wapi?"

"Kwa nguzo," nikasema.

"Na kile kitu chako?"

Nikafunga laptop. Aliyeanza kucheka ni yule baba wa ganzi, na kicheko kilimtoka upande mmoja tu wa mdomo. Baada yake sikuweza kutofautisha tena nani anacheka na nani analia. Nilitamani jengo lianguke kidogo tu, kwa heshima yangu.

Mzee Kirui peke yake hakucheka. Aliuliza, "Ni nani aliweka simiti kwa mlango wa nyuma?" Akajibu mwenyewe: "Ni mimi." Akatoa kufuli, na wasichana wa ushonaji wakasaidiana na vijana wa duka kuhamisha mifuko kabla mvua haijaanza. Kisha akanishika mkono. "Kongoi," akasema. Asante. "Ingekuwa ni moto leo, tungezika watu hapa."

Mwenye saluni akamwosha yule mama kichwa na kuanza upya, na hakunitupia neno baya hata moja. Mama Moraa aliposikia kwamba nilimgongea mlango nikidhani paa linaanguka, alinikumbatia mpaka pumzi ikakatika, akanipa ndizi za kubeba. Nikampigia mwalimu wangu, nikamweleza yote. Swali lake likawa moja.

"Blanketi zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Andika."

Kwa hivyo nashukuru. Jengo liko salama, mlango wa nyuma uko wazi, na bado naruhusiwa kuingia. Kesho asubuhi narudi kukifunga kifaa mahali pake. Kama kuna anayeenda mjini, naomba anisindikize mpaka mlangoni, na akitaka kucheka, angojee niingie kwanza.