Kapu la Bastola la Mama Mkwe

Alonzo Clabo,
Barabara ya Sawmill,
Coldwater Gap, Tennessee.
9 Julai

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Bastola,

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa kazi, maana najua meza yako imejaa barua za watu wenye hasira. Yangu si ya hasira. Mimi ni mtu mpole wa miaka sitini na mbili, fundi bomba mstaafu na Mbaptisti. Jana nilipokea jibu lenu kwa mara ya tatu, kwamba sistahili kibali cha kubeba bastola kwa sababu nimehukumiwa mara mbili kwa kuendesha nikiwa nimelewa, na hukumu ya pili haijatimiza miaka mitano. Imetimiza miaka minne na miezi miwili. Naomba hiyo miezi kumi iliyobaki mnisamehe, na sababu zangu ni hizi.

1. Mnaniaibisha mezani. Kila Jumapili baada ya ibada tunakula kwa mama mkwe wangu, Bi. Eudora, mwenye miaka themanini na minne na masikio yanayosikia anachotaka. Mlangoni pana kapu la mkate. Wanaume wote huweka bastola zao humo kabla ya kunawa mikono, kisha Bi. Eudora hulifunika kwa kitambaa, likapandishwa juu ya friji, ndipo sala ianze. Kapu likinifikia mimi nalipitisha tu, kama sahani ya sadaka kwa mtu asiye na kitu. Shemeji yangu Dewey hakosi neno. "Shemeji, weka basi hata bisibisi, tusije tukadhani umefuata kuku tu!" Jumapili iliyopita niliweka futi yangu ya kupimia mabomba. Walicheka mpaka kuku akapoa.

2. Hili ndilo linaloniuma hasa. Mjukuu wangu Maylene ana miaka tisa na mbuzi anayeitwa Siagi, na tarehe mbili Agosti wanaingia mashindano ya mifugo kwenye maonyesho ya kaunti. Banda la mbuzi nimelijenga mimi. Ni mimi niliyemfundisha Maylene kumshika Siagi kidevu ili asimame wima mbele ya majaji. Niliomba niwapeleke kwa gari langu, maana leseni ya udereva nilisharudishiwa. Lakini Bi. Eudora ana sheria yake: mtoto wa ukoo huu hapandi gari la mwanaume ambaye serikali imemnyima bastola. "Mimi sina mashine ya kupimia watu, Lonzo," aliniambia. "Serikali inayo. Ikikupitisha, na mimi nakupitisha." Binti yangu Corrine, mama yake Maylene, alikuwa anakatakata maharage mabichi. Aliendelea tu kukata. Kwa hiyo uelewe, Ndugu Mkuu, kwamba bastola yenyewe siihitaji. Ninachohitaji ni kile kikadi cha kibali.

3. Kosa la pili halikuwa la gari. Lilikuwa la mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia. Mahakama ilikuwa imeninyang'anya leseni, nami nikaipanda kwenda dukani kununua vitunguu, nikiwa nimekunywa bia nne, tuseme sita. Askari wa sherifu alinifikia akitembea kwa miguu, Ndugu Mkuu, na wala hakuhema. "Mzee Lonzo, zima hicho kidude," alisema, "nimechoka kukungoja." Hakimu akatamka kwamba chenye injini na magurudumu ni gari. Sawa, nilikubali. Nilipokwenda kuliombea gari hilo namba ya usajili, karani alicheka hadi akaomba maji. Tena siku ile visu vilikuwa vinazunguka, na nyasi za kando ya barabara ya kaunti nilizikata kwa urefu wa maili mbili. Hukumu haikulitaja jambo hilo hata kwa shukrani.

4. Kama mtu wa rekodi yangu haaminiki na silaha, basi muwe na msimamo. Nyumbani nina bunduki ya kuwindia bata mzinga, na hamna neno nayo. Nina msumeno wa injini. Nina fahali. Nina kura. Kanisani ni mimi ninayekaanga samaki, na wala hakuna shemasi aliyewahi kuniuliza rekodi yangu nikiwa na karai la mafuta yanayochemka na watoto arobaini wanapanga foleni mbele yangu.

5. Sheria inamkataza mwenye bastola kiunoni asinywe hata tone. Dewey tangu apate kibali anakunywa chai ya barafu harusini, uso umemkunjamana. Nimelitafakari hili wiki nzima. Ikiwa bastola inamzuia mtu kunywa, kwa nini mnampa asiyekunywa? Mnampa dawa mzima na mgonjwa mnamwambia arudi baada ya miezi kumi! Nipeni mimi. Nipeni mbili, moja kila upande, na kaunti nzima haitakuwa na mtu mkavu wa pombe kunishinda. Si kwamba nakunywa. Niliacha siku ile ile ya vitunguu. Nasema tu mngenisaidia kuendelea.

6. Kuhusu kosa la kwanza, la miaka tisa iliyopita, sina mengi. Ilikuwa mchana, na nilikuwa na furaha.

Nimalizie hapo nisikuchoshe. Wasalimie wote ofisini, hasa yule dada wa simu aliyenisikiliza dakika arobaini, na hata yule kijana aliyenikatia. Bi. Eudora naye anakusalimu, ingawa sijamwambia kwamba nimekuandikia.

Wako mtiifu anayesubiri,
Alonzo Clabo

Nyongeza, 14 Julai: Barua hii sikuituma siku niliyoiandika. Nilimpa mke wangu Verna aipitie, asahihishe makosa. Akanirudishia bila alama hata moja, akauliza, "Kiti umekitaja wapi?"

Nilipekua kurasa zote. Sikukitaja.

Miaka tisa iliyopita Maylene alikuwa na umri wa siku mbili. Nilikuwa napeleka kiti cha gari cha mtoto hospitali, tumrudishe nyumbani. Njiani nikasimama kupongezwa na marafiki, wakanipongeza sana. Nikagonga nguzo ya lango la hospitali, kiti kikatoka dirishani, kikaangukia mtaroni na kupasuka. Corrine aliona yote toka ghorofa ya pili, mtoto akiwa mikononi mwake. Ningegonga saa moja baadaye, wakati wa kurudi, kile kiti kingekuwa na mtu. Verna ndiye aliyenifungua macho: ile sheria ya bastola si ya Bi. Eudora. Ni ya Corrine. Bibi yake aliibeba tu, ili mtoto wangu asilazimike kuniambia mwenyewe. Niliona aibu, Ndugu Mkuu, na bado naiona.

Leo Jumapili kapu liliponifikia, niliweka ufunguo wa gari langu. Bi. Eudora akauangalia ule ufunguo, akasema, "Humu mna bastola sita, na zote hazijapiga kitu ila makopo. Hiki ndicho cha kwanza chenye rekodi." Akafunika kitambaa, akasali sala ndefu kuliko kawaida.

Baada ya kula, Corrine alilishusha kapu mwenyewe, akauchukua ufunguo wangu, akautia mfukoni. "Tarehe mbili naendesha mimi, baba," alisema. "Wewe utamshika Maylene." Kwa hiyo atakuwa yeye kwenye usukani, Maylene katikati, mimi dirishani, na Siagi nyuma.

Ombi la miezi kumi nalifuta. Mkitaka kuongeza miaka, sitaandika tena.

Ila ile mashine ya nyasi si gari.