Mafungu Arobaini na Ncha ya Tepu

Mheshimiwa Kadhi,

Assalaam alaykum. Kuna sauti moja iliyokataa kutoka kichwani mwangu tangu Jumamosi: sauti ya tepu ya kupimia ya marehemu baba ikikunjwa. Krrr, krrr, krrr, kisha kimya. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akizungusha kile kishikio, kama mtu anayefunga kesi, na kiwanja chetu kilikuwa tayari kimegawanywa.

Utatukumbuka. Sisi ni familia ya yule fundi muashi aliyeacha mjane, wana wawili wa kiume, binti mmoja, na kiwanja chenye upana wa mita arobaini. Ulitupatia mafungu arobaini: Mama matano, kaka zangu kumi na manne kila mmoja, mimi saba. Karani wako alicheka akasema hajawahi kuona hesabu inayokaa vizuri namna hiyo, fungu moja mita moja. Mimi nafundisha hesabu, nami nilifurahi. Sina ugomvi wowote na hukumu yako.

Nakuja kumshtaki mtu mmoja tu, naye ni mimi. Nimegundua kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikila mafungu ya kaka zangu. Naomba uniamuru niyarudishe, kama ifuatavyo.

1. Kumwogesha baba. Baba alilala kitandani miaka miwili. Kwa kuwa mwanamume hupata sawa na wanawake wawili, katika kila mara tano za kumwogesha, mbili zilikuwa haki ya kaka mkubwa, mbili za Kaka Wakili (tunamwita hivyo kwa ajili ya mdomo wake, shule ya sheria hajaiona), na moja yangu. Nilizichukua zote tano. Kaka mkubwa alikuwa akifika, anasimama mlangoni na viatu vyake, anauliza, "Mzee anaendeleaje?" Kabla sijajibu anamalizia mwenyewe, "Haya, Mungu atamjalia," anaondoka. Nilidhani hataki kuingia. Sasa naona alikuwa akingoja nimpishe, maana beseni nilikuwa nimelikumbatia mimi.

2. Macho ya Mama. Daktari aliandika dawa ya matone, mara tatu kwa siku, tone moja kila jicho. Kwa siku tano ni matone thelathini: kumi na mawili, kumi na mawili, na sita yangu. Nimeyadondosha yote thelathini, tena kwa miezi. Nilipomgusia Kaka Wakili alinijibu, "Wewe una mkono mwepesi, mdogo wangu." Nimeutazama sana mkono wangu tangu siku hiyo. Naona una uzito wa kawaida.

3. Pua. Hili ni zito na naomba ulisikilize faraghani. Baba ameacha pua moja, nayo nimeirithi mimi nzima, bila hukumu ya yeyote, pamoja na hasira zake na tabia yake ya kusemezana na kuta. Kaka zangu wote wana pua za Mama. Naikabidhi mbele ya mahakama yako. Ikigawanyika, nitaridhika na moja ya tano, hata kama ni ncha tu.

4. Siku ya kupima. Nilishauri tumwite mpimaji. Kaka mkubwa akasema, "Mpimaji wa nini, na tepu ya mzee ipo?" Nikaomba basi nisome namba mimi. "Kusoma niachie mimi. Wewe shika ncha, na usitikisike." Nikachuchumaa kwenye kigingi, nikashika ncha, sikutikisika. Akapima kumi na nne zake, kumi na nne za Kaka Wakili, tano za Mama. Kisha akaangalia upande wangu akasema, "Iliyobaki ndiyo saba yako, haina haja ya kupimwa." Nalalamika, kwa heshima zote, kwamba fungu langu peke yake ndilo halikuguswa na tepu.

5. Karatasi. Hapo hapo Kaka Wakili akatoa mfukoni karatasi iliyokwisha chapwa, inayosema kwamba nimewasamehe mita zangu saba kwa hiari na kwa furaha. "Weka saini, mdogo wangu, ardhi isitoke nje ya ukoo. Kesho utaolewa, mumeo atakuja kutufungia geti." Nimepewa hadi Ijumaa. Kwenye mita hizo kipo chumba alichonijengea baba kwa mikono yake, na ndani yake kitanda changu na meza ninayosahihishia madaftari. Chumba kingine sina.

Hata hivyo mimi ni dada mtiifu. Nimekubali kwamba msamaha nao ugawanywe kisheria. Ikiwa binti anasamehe saba, basi kila mwanamume, ambaye siku zote ni mara mbili yangu, anasamehe kumi na nne, na kwa furaha mara mbili. Mita zote thelathini na tano zitarudi kwa Mama, naye ataziongeza kwenye tano zake. Atakuwa mwanamke mwenye ardhi nyingi kuliko wote mtaani, na sisi watoto wake watatu tutapanga foleni kumwomba pa kulala.

Naomba utoe amri kwamba beseni, matone, pua na msamaha vigawanywe kwa hesabu ile ile moja.

Nakuachia jambo hili mikononi mwako. Msalimie karani, bibi anayefagia ukumbi wenu, na yule mzee wa mlangoni aliyempa Mama kiti chake. Mama anakusalimu, anasema siku hizi anakuona vizuri zaidi hata ukiwa haupo.

Wako katika kutii,
Binti wa Fundi, mwenye mafungu saba

Baada ya saini: Naomba upuuze namba moja hadi tano. Tepu za watu zikikunjwa huishia kwa mlio, pete ya ncha ikigonga kasha. Ya baba haina pete. Nikiwa darasa la sita, mashine ya zege ilikula mita ya kwanza, baba akaikata. Tangu hapo inaanzia moja. Likizo nilikuwa nikimshikia ncha kazini, na kila akisoma namba aliniambia, "Punguza moja, binti yangu." Kaka zangu hawakuwahi kumshikia. Kwa hiyo Jumamosi walijipimia kumi na tatu kumi na tatu, Mama wakampa nne, na mimi wakaniachia kumi. Nilijua. Nilinyamaza mara tatu, nimechuchumaa.

Leo asubuhi nimeazima tepu nzima kwa fundi aliyekuwa akifanya kazi na baba, nimeng'oa vigingi na kuvihamisha. Kaka mkubwa alinikuta akauliza, "Unafanya nini wewe?" Nikamwambia, "Nakupa mita yako. Shika ncha, usitikisike." Akashika. Fungu langu nimelipima la mwisho: saba kamili, na tepu ilipokunjwa ililia tak. Ramani ya vigingi vipya nimeichora nyuma ya ile karatasi ya msamaha, na nimeiambatanisha hapa. Kaka zangu wote wawili wametia saini chini ya ramani. Geuza upande wa pili: pale pangu pa saini nimepaacha peupe.